Shahada ya kwanza ya theolojia: Makumira, Limuru, seminari kuu au chuo kikuu cha serikali?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali hili hurudi kwenye sharika zetu. Kijana anataka kusoma theolojia, alama anazo, wazazi wamekubali kwa furaha au kwa shingo upande, lakini hakuna anayejua aende wapi. Mchungaji wake atamtajia chuo alichosoma yeye. Mjomba atamshauri asome ualimu kwanza, theolojia itakuja baadaye. Rafiki atamtumia tangazo la chuo cha mtandaoni kinachoahidi shahada ndani ya miezi michache. Nimekaa na vijana wengi wa namna hii, na pia wainjilisti wenye familia na masista wanaotafuta mahali pa kusoma, na naona wengi wanalinganisha vyuo kwa ada, umbali kutoka nyumbani na uzuri wa majengo. Vyote hivyo vina uzito wake. Ila katika fani hii kuna swali linalotangulia: ukimaliza, nani atakupokea?

Aliyesoma uhasibu huenda na cheti chake popote, na benki haimuulizi alibatizwa wapi. Theolojia ina mambo yake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) halimbariki mtu kuwa mchungaji kwa sababu tu ana shahada ya daraja la kwanza. Linambariki kwa kuwa dayosisi ilimfahamu, ikamtuma, ikamfuatilia akiwa chuoni, na ina mahali pa kumpeleka. Kwa Waanglikana neno la mwisho ni la askofu na dayosisi yake. Kwa Wakatoliki ni jimbo au shirika, na malezi huanza miaka mingi kabla ya somo la kwanza la teolojia. Ndiyo maana nitalinganisha njia nne ambazo vijana wa Tanzania na Kenya huzifikiria zaidi, nikiliweka swali hilo mbele.

Njia zenyewe

Makumira iko Usa River, kando ya barabara ya Arusha–Moshi, chini ya Mlima Meru. Ilianza hapo mwaka 1954 kama chuo cha theolojia cha Walutheri, na mwaka 1997 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini. Leo wanafunzi wa theolojia wanasoma pamoja na wa sheria, ualimu na muziki, lakini bado hapo ndipo walipopikwa wachungaji wengi wa KKKT.

Limuru ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mizizi yake iko pwani: darasa la kwanza lilifunguliwa mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, kwenye makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliwajengea watumwa waliokombolewa. Chuo kilihamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wakakifanya chuo chao cha pamoja. Hati ya kuwa chuo kikuu ilitolewa mwaka 2007.

Njia ya tatu ni ya Kikatoliki, na ndani yake kuna milango miwili ambayo watu huichanganya. Mmoja ni seminari kuu: falsafa Kibosho au Ntungamo, kisha teolojia Segerea, Kipalapala au Peramiho. Wa pili ni vyuo vya Nairobi kama CUEA, yaani Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kule Langata, iliyoanza mwaka 1984 na kufunguliwa rasmi na Papa Yohane Paulo II mwezi Agosti 1985, na Tangaza, iliyoanzishwa na mashirika ya kitawa mwaka 1986.

Ya nne ni chuo kikuu cha serikali. Nairobi, Makerere na Dar es Salaam wana idara zinazofundisha dini kama taaluma, mara nyingi bega kwa bega na falsafa.

Nimezichukua hizi kama vielelezo. Mwadventista ataangalia Baraton au Chuo Kikuu cha Arusha. Mmoravian ataangalia Teofilo Kisanji, Mbeya. Mwanglikana wa Tanzania ataangalia St. John's, Dodoma, na mwenzake wa Uganda atakwenda Mukono, ambako Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kilikua kutoka Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker cha mwaka 1913. Wa Africa Inland Church (AIC) anaijua Scott, Machakos. Mengi ya Makumira yanawafaa hao wote, kwa kuwa ni vyuo vyenye kanisa moja nyuma yake. Ndugu zetu wa Goma, Kongo, wana chuo kikuu cha ULPGL, lakini huko darasa ni la Kifaransa.

Barua inayotangulia fomu

Kwa anayetaka uchungaji kupitia Makumira, safari inaanzia usharikani. Wazee na mchungaji wanakuona unavyohudumu, kwenye kwaya, shule ya Jumapili, nyumba kwa nyumba. Jina lako linapelekwa mbele hadi dayosisini. Wengi wanaofika huko wameshafanya uinjilisti miaka kadhaa au wametoka chuo cha Biblia kama Mwika, kwa hiyo kijana aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita anaweza kujikuta anakaa dawati moja na mtu aliyezika watu wengi na kusuluhisha ndoa nyingi. Hilo ni darasa la pili, na halina ada. Chuo kikuu kinaweza pia kumpokea mwombaji anayejilipia, ila shahada hiyo peke yake haimpi haki ya kubarikiwa. Nimeona watu waliodhani kwamba wakishapata shahada dayosisi haitakuwa na la kusema. Ina la kusema, na mara nyingi jibu lake huwa ni "subiri."

Limuru ina makanisa kadhaa nyuma yake, kwa hiyo askofu wa Kianglikana, baraza la Wapresbiteri na Mkutano wa Kimethodisti wote wanatuma watu wao. Mwanafunzi wa kanisa la kipentekoste lisilo na chuo chake anakaa vizuri hapo kuliko kwenye chuo chenye liturujia na ungamo moja. Ukitoka Tanzania kwenda Limuru, zungumza na dayosisi yako kwanza, maana askofu anaweza kukutaka uongeze muda kwenye chuo cha kanisa ili ujifunze taratibu za nyumbani.

Seminari kuu haina fomu ya mtu binafsi. Unafika pale kwa kuwa jimbo au shirika limekulea na kukuleta. Mlei anayependa teolojia, na wapo wengi, asiumie kwa kukosa nafasi Segerea, maana seminari imewekwa kwa ajili ya kuwalea mapadre. Mlango wake ni Tangaza au CUEA, ambako masista, mabruda, makatekista na walei wanakaa darasa moja.

Chuo cha serikali hakikuulizi barua ya mtu yeyote. Unaomba kwa alama zako. Ni uhuru mkubwa, na una upande wake wa pili: siku ya mahafali hakuna dayosisi iliyokaa kwenye viti vya wageni ikikungoja.

Kwa binti au mama anayesoma hapa nataka niseme wazi, kwa sababu mara nyingi anafichwa jambo hili mpaka amefika mwaka wa tatu. Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki lilimbariki mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. Uganda, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliwapa wanawake daraja la ukasisi mwaka 1983. KKKT ilifungua mlango kwa uamuzi wa mwaka 1990, na dayosisi zikauingia kila moja kwa wakati wake. Kwa Waanglikana wa Tanzania jambo hili linategemea dayosisi, na Kanisa Katoliki haliwapi wanawake daraja la upadre. Kwa hiyo muulize askofu wako, uso kwa uso, kama dayosisi yake inabariki wanawake na kama inawapa sharika za kuongoza. Kama jibu ni hapana, bado unaweza kusoma theolojia na kuifundisha, kuiandika, kuitumia hospitalini na mashuleni. Kinachoumiza ni kulijua jibu umechelewa.

Darasani kuna tofauti gani

Kwenye chuo cha kanisa utasoma Agano la Kale na Jipya, historia ya Kanisa, mafundisho ya imani, maadili, liturujia, mahubiri, malezi ya kichungaji na ushauri, misioni, na dini nyingine, hasa Uislamu na dini za asili za Kiafrika. Karatasini Makumira na Limuru zinafanana sana. Tofauti iko kwenye mkazo. Makumira mwanafunzi anazama kwenye Katekisimu za Luther na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, na akitoka anajua kanisa lake linaamini nini na kwa nini. Limuru anayekaa kulia kwako anaamini uaskofu ni wa lazima, wa kushoto anaamini baraza la wazee linatosha, na wa nyuma hakubali ubatizo wa watoto wachanga. Lazima ujibu, na lazima ujibu kwa heshima, kwa sababu jioni mtakula meza moja.

Mimi naona kijana mwenye miaka 20 anayejua atahudumu KKKT anafaidika zaidi kuanza na nyumba yake mwenyewe. Aijue vizuri, halafu shahada ya pili aende palipochanganyika. Lakini anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ambako ndoa nyingi atakazofungisha zitakuwa za watu wa makanisa mawili, Limuru itampa mapema kile ambacho mwingine atakipata kwa kuchubuka. St. Paul's ina pia kituo chake cha mahusiano ya Wakristo na Waislamu kule Eastleigh, Nairobi. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo kubwa, maana atahudumu kati ya majirani Waislamu maisha yake yote, na kusoma Uislamu mahali ambapo Waislamu wanaishi kunamfanya azungumze nao kwa adabu na kwa kuelewa.

Lugha za Biblia nazipa nafasi kubwa kwa makusudi. Ukipita kwenye mabweni ya chuo cha theolojia wiki za mwanzo za Kiyunani utawasikia wanafunzi wakiimba kwa sauti minyambuliko ya kitenzi "fungua": luo, lueis, luei, luomen, luete, luousi. Wanaimba wakifua, wanaimba wakingoja chakula. Baada ya hapo kinakuja Kiebrania, kinachosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na vitenzi vyake vyenye silabi zinazobadilika kila mara. Wanafunzi wengi huuliza faida yake ni nini, wakati kijijini hakuna atakayewauliza Kiyunani. Faida inaonekana siku unapoandaa somo la Luka 15. Unakuwa na Kiyunani upande mmoja na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 upande wa pili, ile ambayo waumini wako wengi wanayo mikononi, na kwa mara ya kwanza unaona mwenyewe mahali ambapo wafasiri walilazimika kuchagua. Tangu hapo humtegemei tena mhubiri wa redio au wa YouTube anayedai kwamba "kwa lugha ya asili neno hili lina maana nyingine." Unaweza kukagua. Kwa hiyo ukilinganisha programu mbili, hesabu mihula ya Kiyunani na Kiebrania na uulize kama ni lazima au ni hiari. Programu isiyo na lugha hizi kabisa inaweza kuwa nzuri kwa kiongozi wa vijana. Kwa anayekwenda kufundisha mimbarani miaka 30, naiona imempunja.

Njia ya Kikatoliki ina sifa moja ambayo sisi Waprotestanti tungefaa kuionea wivu: falsafa kwanza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 250, inataka mseminari asome si chini ya miaka 6 kamili, 2 ya falsafa na 4 ya teolojia. Mtu aliyekaa na Aristotle na Thoma wa Akwino kabla ya kufungua somo la Utatu huwa anajenga hoja kwa utulivu. Seminari kadhaa za Afrika Mashariki zimefungamana na Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana cha Roma, na wanaofaulu hupata shahada ya kipapa inayotambuliwa na Kanisa popote. Hapa mseminari na walezi wake wawe macho: shahada ya kipapa na shahada inayotambuliwa na serikali ni vitu viwili. Anayetaka baadaye kufundisha chuo kikuu cha kawaida aulize mapema kama anazipata zote mbili.

Chuo cha serikali kinafundisha dini bila kumwandaa mtu kuihudumia. Utasoma Ukristo, Uislamu, dini za Kiafrika, dini za Asia, falsafa, maadili, sosholojia ya dini. Hutafundishwa kuhubiri wala kuongoza ibada ya mazishi. Wapo viongozi wa kanisa wanaoidharau njia hii na kusema inapoza imani. Siwaungi mkono. Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti alifundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, na hapo ndipo alipofanya kazi iliyoulazimisha ulimwengu kuzichukua dini za Kiafrika kama kitu cha kusomwa kwa heshima. Mwenzake Jesse Mugambi amelea vizazi vya wanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi. Kanisa la Afrika Mashariki linakula matunda ya idara hizo kila siku. Anayefaa kule ni mtu mwenye maswali mapana, anayeweza kumsikiliza mhadhiri asiye wa imani yake bila kutetereka, na ambaye ana mahali pengine pa kulishwa kiroho.

Kiingereza darasani, Kiswahili mimbarani

Jambo hili haliandikwi kwenye vipeperushi vya chuo chochote, na ndilo linalowatesa wahitimu wengi. Ukiacha kile cha Goma, vyuo vikuu nilivyovitaja vinafundisha kwa Kiingereza. Vitabu ni vya Kiingereza, insha ni za Kiingereza, na mjadala wa neema na haki ya Mungu unafanyika kwa Kiingereza miaka mitatu, minne. Kisha mhitimu anapelekwa kwenye mtaa wa vijijini Singida, mbele ya akina mama waliotembea saa nzima kufika ibadani, na anagundua kwamba mambo aliyoyajua vizuri hana maneno ya kuyasema. Basi anahubiri kwa Kiswahili kilichojaa vipande vya Kiingereza, au anayaacha yote aliyosoma na kurudi kwenye mahubiri aliyokuwa akiyatoa kabla ya chuo. La pili ndilo linalosikitisha zaidi, kwa sababu ni kama hakwenda.

Kwenye kipimo hiki vyuo vya kanisa vinaongoza kwa mbali, na sababu ni ibada za kila siku na mazoezi ya mahubiri. Zoezi lenyewe linafaa kuonwa. Mwanafunzi anapanda mimbarani, wenzake wanakaa na madaftari, mwalimu anakaa nyuma. Akishuka, wanaanza: andiko ulilisoma sawasawa, lakini hoja ya pili haikutoka humo. Ulimtisha msikilizaji dakika kumi, habari njema ukaipa dakika moja. Mfano wa ndege ya angani haukuwafaa watu wa kijiji ulichosema unakihubiria. Sauti ilizama mwishoni mwa kila sentensi. Mtu anatoka pale jasho likimtiririka, na wiki inayofuata anahubiri vizuri zaidi. Uliza kila chuo unachokifikiria: mazoezi haya ni mara ngapi kwa muhula, na yanafanyika kwa lugha gani? Limuru, kwa mfano, wanafunzi wanatoka makabila na nchi nyingi, kwa hiyo Kiingereza kina nguvu zaidi hata nje ya darasa kuliko ilivyo Usa River. Anayekwenda kuhudumu Kiswahilini ajiwekee kazi ya kuandika kila insha muhimu upya kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, kama vile anamwandikia mzee wa kanisa.

Mazoezi ya vitendo sharikani wakati wa likizo yana nafasi hiyohiyo. Chuo kinachompeleka mwanafunzi chini ya mchungaji mzoefu na kudai ripoti kinastahili kupewa alama za ziada.

Shahada na mkate

Wazazi wengi wanauliza, "Na asipobarikiwa, atafanya kazi gani?" Wana haki ya kuuliza.

Dhana ya kwanza ya kuondoa ni kwamba shahada ya theolojia inamfanya mtu kuwa mwalimu. Haimfanyi. Kenya, mwalimu wa sekondari lazima asajiliwe na TSC, tume ya walimu, na anahitaji mafunzo ya ualimu pamoja na masomo mawili ya kufundishia. Anayetaka kufundisha Elimu ya Dini ya Kikristo achukue shahada ya elimu yenye somo hilo na jingine, mathalani Kiswahili au Historia. Tanzania nako ualimu una mafunzo yake. Hapa ndipo ushauri wa yule mjomba unapopata uzito: kwa mtu ambaye moyo wake uko shuleni, shahada ya elimu katika chuo cha kanisa ni njia nzuri kuliko theolojia ya kichungaji, na ibada za chuo atazipata zilezile.

Nje ya usharika kuna kazi za uchungaji wa hospitali, magereza, jeshi na shule. Hospitali ya KCMC, Moshi, kwa muda mrefu imekuwa na mafunzo ya uchungaji wa hospitali ambayo mhitimu wa theolojia anaweza kuyaongeza. Kuna mashirika ya kanisa ya maendeleo na misaada, kuna tafsiri ya Biblia, ambako Kiebrania na Kiyunani vinakuwa mtaji wa moja kwa moja, na kuna utangazaji na uchapishaji. Mhitimu wa chuo cha serikali ana wepesi zaidi kwenye utafiti, mashirika ya amani na maridhiano, na uandishi. Kwenye nafasi za kanisa anatangulia mhitimu wa chuo cha kanisa, hata kama alama zake ni za chini.

Upepo mwingine unatoka Rwanda. Mwaka 2018 serikali ilifunga makanisa zaidi ya 700 jijini Kigali kwa sababu za usalama wa majengo na taratibu, na sheria ya mwaka huohuo ikawataka viongozi wa dini wawe na shahada ya masomo ya dini, wakipewa miaka 5 ya kujipanga. Wachungaji waliohudumu miaka mingi bila cheti wakajikuta wanatafuta vyuo wakiwa na mvi. Kwenye nchi zetu nyingine mjadala wa aina hiyo unajirudia kila kunapotokea maafa ya kidini. Kwa mchungaji wa kanisa huru mwenye miaka 40, shahada inayotambulika inazidi kuwa jambo la kulipanga mapema.

Sifa, ada na utambuzi

Tanzania, mwombaji wa kidato cha sita anahitaji angalau principal pass mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Mwenye stashahada anaingia kwa GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0. Kenya, kiwango cha shahada ni C+ kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Uganda ni principal pass mbili. Mwinjilisti mwenye cheti cha chuo cha Biblia pekee asikate tamaa: apitie stashahada kwanza.

Chuo kutambuliwa hakumaanishi kila programu yake imetambuliwa. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, wa mwaka husika, tafuta jina la programu yenyewe, si la chuo tu. Kwa Kenya chombo kama hicho ni CUE, kwa Uganda ni NCHE. Shahada ya nje ya nchi, ya mtandaoni au ya ana kwa ana, iulizie TCU kabla hujalipa. Chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini kimefundisha theolojia kwa masafa kwa miaka mingi na kinafaa kwa mwenye familia na nidhamu. Lakini zile zinazoahidi shahada kwa miezi michache bila mtihani, na udaktari wa heshima kwenye ukumbi wa hoteli, ziache. Zinaumiza jina la kazi hii na mfuko wa mtu maskini.

Ada hubadilika kila mwaka, kwa hiyo chukua karatasi ya mwaka huu kutoka chuoni na uongeze hosteli, chakula, vitabu na nauli. Wanaotumwa na dayosisi mara nyingi husaidiwa sehemu ya ada, na sharika nyingi huchangishana. Usipange maisha juu ya mkopo wa serikali kabla hujasoma masharti ya Bodi ya Mikopo ya mwaka huo. Kwa Mtanzania, gharama ya kuishi pembezoni mwa Nairobi ni jambo la kukaa chini na kulihesabu. Aliyeoa aulize pia kama chuo kina nyumba za familia, kwa sababu miaka mitatu mbali na mke na watoto si kitu cha kukubali kwa haraka.

Ningemwambia nani aende wapi

Kijana wa KKKT aliye tayari kutumwa popote: Makumira. Asubiri mwaka mmoja au miwili akihudumu kama dayosisi haijamwita, na miaka hiyo asiihesabu kuwa imepotea.

Mwanglikana, Mpresbiteri au Mmethodisti wa Kenya: Limuru. Hapo pia ndipo ningempeleka mhubiri wa kanisa huru anayetaka kupimwa na mapokeo mengine, na mtu yeyote wa pwani ambaye huduma yake itakuwa kati ya Waislamu.

Mkatoliki mwenye wito wa upadre azungumze na mkurugenzi wa miito wa jimbo lake, aache kutafuta chuo. Sista au mlei: Tangaza kwa anayetaka huduma na katekesi, CUEA kwa anayelenga shahada za juu.

Mwenye kiu ya kuielewa dini bila nia ya kuongoza kanisa: Nairobi, Makerere au Dar es Salaam, na aongeze Kiarabu, Kiebrania au Kiyunani popote atakapokipata.

Ambaye hajui bado kama anaitwa au anapenda tu kusoma, ningemwomba asichague kwa shinikizo la dirisha la udahili. Aende akakae siku mbili kwenye chuo anachokifikiria, siku za kawaida za wiki, si siku ya mahafali. Ahudhurie ibada ya asubuhi na kipindi kimoja cha Kiyunani. Kisha awatafute wanafunzi wa mwaka wa mwisho na awaulize mambo matatu: wangapi mlioanza pamoja bado mpo, ada ya dayosisi hufika mwezi gani, na nani kati yenu anajua tayari atapelekwa wapi.